Mwongozo Kamili wa Mapumziko ya Siku Mbili Katika Bustani ya Umma Pamoja na Rafiki

Watu wengi wanaokwenda na rafiki kutembelea bustani kubwa ya umma mwishoni mwa juma hurudi na malalamiko yaleyale. Miguu inauma, simu ina mamia ya picha ambazo hawawezi kutaja mmea hata mmoja uliomo, na nusu ya muda ilipotea katika kusubiriana, kutafutana au kubishana kuhusu njia ya kufuata. Baadhi yao wamejaribu zaidi ya mara moja na kupata matokeo hayohayo, kwa sababu kila mara walitaka kuiona bustani yote.

Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Mtachagua sehemu mbili tu za bustani, na sehemu ya kwanza mtaitembelea mara mbili: alasiri ya siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili. Hatua nyingine zote zinategemea uamuzi huo.

## Vifaa vya kuandaa

- Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yenu. Viatu vipya huleta malengelenge, na lengelenge la siku ya kwanza huiharibu siku ya pili.
- Maji ya kunywa, kila mtu na chupa yake isiyopungua lita moja.
- Kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kujikinga na jua na koti jepesi la mvua. Koti ni bora kuliko mwavuli, kwa kuwa mwavuli huchukua mkono mmoja na hukwaruza matawi katika vijia vyembamba.
- Daftari dogo na penseli. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, ilhali wino huchuruzika.
- Kioo cha kukuzia, hasa kile kinachokuza mara 10. Ikiwa mtaongeza kitu kimoja tu katika mizigo yenu, kiwe hiki. Vinyweleo vya majani, chembe za chavua na wadudu wadogo walio ndani ya ua havionekani vyema kwa macho matupu, na ndivyo vinavyomfanya mtu abaki mbele ya mmea badala ya kuupita.
- Simu yenye chaji kamili, betri ya akiba, na ramani ya bustani iliyohifadhiwa ndani ya simu. Msitegemee mtandao, kwa kuwa chini ya miti mikubwa na ndani ya mabonde mawasiliano hukatika.
- Mfuko wa plastiki unaofungika wa kuwekea kamera au simu. Kazi yake imeelezwa katika hatua ya 8.
- Plasta, mfuko mdogo wa taka, na dawa ya mzio kwa yule ambaye daktari amemwandikia. Mwenye mzio wa chavua au wa kuumwa na nyuki amweleze mwenzake mapema mahali alipoiweka dawa hiyo.

## Hatua ya 1: Chagueni bustani kwa kuangalia kinachochanua

Ukubwa wa bustani na umaarufu wake si vigezo vizuri vya kuichagua. Bustani ya Kew iliyoko London ina karibu hekta 130, na Singapore Botanic Gardens ina hekta 82. Hakuna mtu anayeweza kuzimaliza kwa siku mbili akabaki na kumbukumbu iliyo safi. Kirstenbosch, iliyoko Cape Town, ina jumla ya hekta 528, lakini sehemu iliyopandwa na kutunzwa ni hekta 36 hivi, na eneo linalobaki ni uoto wa asili wa mlimani. Kwa hiyo hata takwimu ya ukubwa haimwambii msafiri kile atakachokikuta.

Jambo la kuuliza ni hili: wiki hiyo kinachanua nini, au ni miti ipi iko katika hali inayostahili kutazamwa? Bustani nyingi hutangaza habari hizo kwenye tovuti zao, na zile zisizotangaza huwa na watumishi wanaoweza kulijibu swali hilo kwa simu. Ulizeni kwa namna mahususi. Badala ya kuuliza kama bustani inapendeza wakati huu, ulizeni kama yungiyungi zimeanza kuchanua, au kama bustani ya waridi imekwisha kupogolewa.

Mkishapata jibu, chagueni sehemu mbili zinazotofautiana: kwa mfano bwawa na msitu mdogo, au bustani ya mimea ya dawa na nyumba ya vioo. Sehemu mbili zinazofanana huchosha macho haraka.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila mmoja wenu anaweza kuzitaja sehemu hizo mbili, na kueleza kwa sentensi moja kwa nini zimechaguliwa.

## Hatua ya 2: Thibitisheni saa, tiketi na masharti

Hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza, nayo si kazi ngumu. Yapo mambo manne ya kuthibitisha.

Kwanza ni saa ya mwisho ya kuingia, ambayo katika bustani nyingi hutangulia saa ya kufungwa. Pili ni saa za majengo ya ndani, kwa kuwa nyumba za vioo aghalabu hufungwa mapema kuliko bustani yenyewe. Tatu ni aina ya tiketi: je, inaruhusu kutoka na kuingia tena, na je, inafaa kwa siku mbili? Nne ni shughuli maalumu, kwa sababu tamasha au harusi inaweza kuifunga sehemu ileile mliyoichagua.

Someni pia masharti kuhusu chakula, mbwa, baiskeli, droni na vishikizi vya kamera vya miguu mitatu. Bustani hutofautiana sana katika mambo haya, na kanuni mliyoizoea mahali pengine haiwezi kuwa kisingizio mbele ya mlinzi.

Onyo: msichukue saa za kufunguliwa kutoka kwenye maelezo ya wageni waliotangulia. Saa hubadilika kwa misimu. Chukueni taarifa kwa bustani yenyewe, tena katika wiki mnayosafiri.

## Hatua ya 3: Patanisheni mwendo wenu kabla ya kuondoka

Marafiki wawili wanaoelewana katika kila jambo wanaweza kuwa na miendo miwili tofauti kabisa ndani ya bustani. Mmoja husimama mbele ya kila ua kutafuta picha. Mwingine hutaka kutembea na kuzungumza. Hakuna aliye na kosa, lakini wasipolizungumza mapema, mmoja atasubiri kwa kero na mwingine atatazama kwa haraka, na wote wawili wataikosa bustani.

Zungumzeni mambo matatu. La kwanza ni gharama: nani analipia nini, na kiasi gani. Fedha zikisemwa kabla ya safari huwa hesabu tu. Zikisemwa langoni huwa aibu. La pili ni muda wa kila mtu kuwa peke yake. Napendekeza saa moja kila siku, ambamo kila mmoja anakwenda anakotaka bila kuomba radhi. Saa hiyo huufaa urafiki kuliko kuandamana siku nzima kwa kulazimishana. La tatu ni mahali pa kukutana, ambapo lazima pawe kitu kisichohama na kisichofanana na kingine: daraja fulani, sanamu fulani, au lango lenye jina. "Kwenye benchi karibu na maji" ni maelekezo yasiyofaa, kwa sababu mabenchi karibu na maji ni mengi.

Wekeni pia kanuni ya kuchelewa: anayefika wa kwanza hasogei kwa robo saa, na baada ya hapo ndipo anapiga simu. Kanuni hiyo huzuia ile hali ya watu wawili kutafutana kwa kuzunguka upande uleule.

Mmefanikiwa ikiwa mnajua nani hupenda kuamka mapema, nani huchoka upesi, na hakuna kati yenu aliyekubali jambo kwa kuona haya tu.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, ingieni alasiri

Mtu mzima hutembea karibu kilomita 5 kwa saa kwenye barabara tambarare, lakini anayesimama kutazama na kusoma hushuka hadi kilomita moja au mbili. Kwa hiyo saa mbili za alasiri zinatosha sehemu moja tu. Mkiona muda unabaki, msikimbilie sehemu ya pili, ketini.

Alasiri imechaguliwa kwa sababu mbili. Mionzi ya jua huwa mikali zaidi katika saa zinazoizunguka saa sita mchana, na ifikapo saa tisa hivi makali hayo yamekwisha kupungua, huku mwanga wa upande ukianza kuonyesha umbo la majani na magome. Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya maua yana saa zake. *Mirabilis jalapa* hufumbua alasiri na kufumba asubuhi inayofuata. Yungiyungi kubwa la Amazoni, *Victoria amazonica*, hufumbua jioni likiwa jeupe na lenye harufu nzuri, huwafungia ndani mbawakawa waliovutwa na harufu hiyo, kisha jioni ya pili hufumbua tena likiwa limegeuka rangi ya waridi na kuwaachia wakiwa wamebeba chavua. Anayefika saa nne asubuhi na kuondoka saa saba mchana hatajua kamwe kwamba jambo hilo hutokea.

Tembeeni katika vijia pekee. Mizizi mingi midogo inayofyonza maji hukaa karibu na uso wa udongo, na nyayo za watu wengi huukandamiza udongo huo hadi nafasi za hewa zinapotea na mti unaanza kudhoofika bila jeraha lolote kuonekana. Pangusieni viatu matope mnapoingia na mnapotoka, kwa kuwa vimelea vya magonjwa ya mimea, kama jamii ya *Phytophthora*, husafiri ndani ya udongo ulionata kwenye soli.

Onyo: msionje, msichume na msisugue majani machoni. *Nerium oleander*, mmea unaopandwa sana kwa ajili ya maua yake, una sumu katika kila sehemu yake, na sumu hiyo hushambulia moyo. Mbegu iliyoanguka chini nayo si yenu. Mbali na kanuni ya bustani, nchi nyingi huzuia mbegu na vipande vya mimea kuvuka mpaka bila kibali.

## Hatua ya 5: Someni kibao kabla ya kupiga picha

Nawasihi wasomaji wasiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayoitofautisha bustani ya mimea na mahali pengine pazuri pa kutembea. Kibao kidogo kilicho chini ya mti kina habari nyingi kuliko kinavyoonekana, ilimradi mtu ajue kukisoma.

Jina la kisayansi huwa na maneno mawili. La kwanza, linaloanza kwa herufi kubwa, ni jenasi, yaani kundi la mimea iliyo na undugu wa karibu. La pili, la herufi ndogo, humtenga mmea huo na wenzake wa jenasi moja. Baada yake mara nyingi hufuata ufupisho wa jina la mtaalamu aliyelichapisha jina hilo la mmea. Herufi L. ikisimama peke yake humaanisha Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden. Alama ya × huonyesha chotara, yaani mmea uliotokana na wazazi wa aina mbili tofauti. Neno lililo ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja (‘ ’) ni jina la aina iliyochaguliwa na kuendelezwa na wakulima wa maua.

Neno linaloishia na -aceae ni jina la familia, yaani kundi kubwa linalokusanya jenasi zenye undugu, nalo ndilo lenye mshangao zaidi. Chukueni Malvaceae: ndani yake mna bamia, pamba, kakao na mbuyu. Ukishalijua jambo hilo, tazameni ua la bamia na ua la pamba kwa kioo cha kukuzia, na mtaona jinsi stameni, yaani sehemu za kiume zinazobeba chavua, zilivyoungana kuwa bomba moja lililozunguka sehemu ya kike ya ua. Kuanzia hapo mtaanza kuwatambua ndugu wa familia hiyo kabla ya kusoma vibao vyao, na furaha ya jambo hilo ni kubwa kuliko ya picha yoyote.

Vibao vingi huwa pia na nambari ya usajili. Katika bustani nyingi tarakimu nne za mwanzo za nambari hiyo ni mwaka ambao mmea uliingizwa katika kumbukumbu, kwa hiyo mgeni anaweza kukadiria muda ambao mti huo umekuwa chini ya uangalizi. Palipoandikwa mahali pa asili, linganisheni na mimea jirani: mara nyingi kitalu kizima hupangwa kwa bara au kwa aina ya hali ya hewa.

Utaratibu ni rahisi. Piga picha ya kibao kwanza, halafu mmea mzima, halafu jani, halafu ua au tunda. Ukifuata mpangilio huohuo kila mara, hakuna picha itakayobaki bila jina.

Dalili ya mafanikio: jioni, mkiwa mmeketi bila kutazama simu, mnaweza kutaja familia mbili na jambo moja linalozitambulisha.

## Hatua ya 6: Ketini robo saa mbele ya mmea mmoja

Chagueni mmea wenye maua yaliyofumbua, kaeni umbali wa hatua mbili au tatu, na msizungumze kwa dakika 15. Mmoja ahesabu wageni wanaoutembelea mmea: nyuki, vipepeo, nzi, ndege. Mwingine achore jani moja, hata kama hajui kuchora, kwa sababu mkono hulazimisha macho kuona mishipa imepangwaje na ukingo una meno au hauna. Kisha badilishaneni.

Dakika tano za kwanza huonekana ndefu na wengi huziacha hapo. Vumilieni. Wadudu waliotishwa na ujio wenu hurudi polepole, na ndipo mnaanza kuona kwamba wageni hawafiki ovyo. Nyuki huona mionzi ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, lakini rangi nyekundu haiwavutii kama inavyowavutia ndege. Kwa hiyo maua mekundu yenye mrija mrefu aghalabu hutembelewa na ndege wanywao mbochi, na maua meupe yenye harufu kali ya usiku huwangojea nondo. Linganisheni hesabu yenu na umbo la ua, halafu jaribuni kukisia mgeni wake kabla hajafika.

## Hatua ya 7: Siku ya pili, rudini palepale lango linapofunguliwa

Kishawishi cha kwenda moja kwa moja kwenye sehemu mpya kitakuwa kikubwa. Kishindeni. Nendeni kwanza mahali pa jana, mkae nusu saa tu, mkiwa na daftari lenye maelezo ya jana mkononi.

Sasa mnajua pa kutazama. Ua lililokuwa limefumba linaweza kuwa wazi: lotasi, *Nelumbo nucifera*, hufumbua asubuhi na katika siku zake za mwanzo hufumba mchana. Ua lililokuwa wazi linaweza kuwa limeanguka, kwa mfano maua mengi ya *Hibiscus rosa-sinensis*, ambayo huishi siku moja tu. Kivuli kimehamia upande wa pili, na mti mliouona jana kama umbo jeusi leo unaonyesha gome lake. Andikeni mambo matatu yaliyobadilika. Mkishindwa kuyapata matatu, hamjatazama vya kutosha; ongezeni dakika kumi.

Asubuhi ni saa nzuri pia ya kuzungumza na watunza bustani, kwa kuwa wengi wao huwa kazini kabla ya wageni kuwa wengi. Salimieni, ombeni ruhusa ya kuuliza, na ulizeni swali moja kuhusu kazi wanayoifanya wakati huo. Mtu anayepogoa anaweza kueleza kwa nini amekata juu ya chipukizi fulani na kuacha lingine, na maelezo ya dakika mbili kutoka kwake hayapatikani kwenye kibao chochote.

## Hatua ya 8: Sehemu ya pili, na tahadhari ya nyumba ya vioo

Ikiwa sehemu yenu ya pili ni nyumba ya vioo, angalieni saa. Wageni wengi hulikimbia jua la saa sita kwa kuingia humo, na kukuta joto na unyevu mwingi kuliko nje. Siku za joto ingieni asubuhi. Siku za baridi kali mchana ndio unaofaa.

Hewa yenye unyevu inapokutana na kioo cha baridi, mvuke hugeuka matone juu ya lenzi. Ifungeni kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, na msiifungue hadi ipate joto la ndani, jambo linaloweza kuchukua dakika 10 hadi 20. Msiifute lenzi kwa nguo, kwa maana ukungu utarudi na kitambaa kitaacha mikwaruzo. Muda huo wa kungoja utumieni kusoma vibao. Mwenye kuhisi kizunguzungu atoke mara moja, akae kivulini na anywe maji. Mwenzake aende naye.

Ikiwa sehemu ya pili ni ya nje, rudieni hatua ya 5, na ya 6 kama nguvu zipo. Wekeni saa ya kuondoka na muiheshimu.

## Hatua ya 9: Pangeni kumbukumbu ndani ya siku tatu

Mkirudi, kutaneni au pigianeni simu mapema, kabla picha hazijachanganyika na nyingine. Futeni zinazofanana, kisha kila mmea muupe jina la kisayansi, familia, sehemu ya bustani, tarehe na saa. Tarehe na saa ni muhimu sawa na jina, kwa sababu ndizo zitakazowaambia mwaka ujao mfike wiki ipi, na kama mfike asubuhi au alasiri.

Jina mnalolitilia shaka likagueni katika Plants of the World Online, orodha ya bure inayotunzwa na Kew. Vibao vya zamani wakati mwingine hubeba majina ambayo wataalamu wamekwisha kuyabadilisha, na orodha hiyo huonyesha jina linalokubalika sasa. Kazi hii imekamilika mkiwa na orodha moja inayofanana kwenu wote wawili, ambayo kila picha ina jina na kila jina lina tarehe na saa.